Louis Rwagasore: Mwana wa Mwami aliyeanzia kwenye ushirika wa wafanyabiashara

Kila ifikapo Oktoba 13, Burundi husimamisha kazi na kumkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa kwa risasi mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 29. Mashada ya maua huwekwa kwenye kaburi lake lililo mlimani, juu ya jiji la Bujumbura, na historia ya chama chake, Uprona, husimuliwa upya kwa vizazi ambavyo havikumwona.

Sehemu moja ya maisha yake husimuliwa kwa uchache. Kabla ya kuwa kiongozi wa chama, na kabla ya kuteuliwa kuwa waziri mkuu, Rwagasore alishughulika na mambo ya maduka, mizigo, mikopo na madeni. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na miongoni mwa watu wa mwanzo kumwamini walikuwa Waswahili wa Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Ushirika huo ulishindwa kifedha. Hata hivyo, watu waliokutana ndani yake ndio waliomsaidia baadaye kuijenga Uprona mjini.

Siku hizi, katika mitaa kama Gihosha, kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, mwenye duka akijitokeza kuwania nafasi katika baraza la tarafa hamshangazi mtu. Hubandika picha zake, huzunguka kwa majirani na wateja wake, kisha husubiri hukumu ya sanduku la kura. Katika miaka ya 1950 jambo hilo halikuwapo. Machifu na manaibu chifu waliwekwa kwa idhini ya Mwami na utawala wa Ubelgiji, na mfanyabiashara, hata awe na mali kiasi gani, hakuwa na kura ya kuwaondoa. Maisha ya Rwagasore yanapita katikati ya mabadiliko hayo, kutoka zama za kuteuliwa hadi zama za kuchaguliwa.

Mtoto wa ikulu

Louis Rwagasore alizaliwa Januari 10, 1932, mjini Gitega. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne Bangiricenge, aliyetawazwa mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake alikuwa Thérèse Kanyonga. Kwa kuzaliwa huko, Rwagasore alikuwa ganwa, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, tabaka ambalo katika desturi za Burundi lilihesabiwa peke yake, mbali na Wahutu na Watutsi.

Nchi aliyozaliwa haikuwa huru. Wajerumani waliitawala tangu miaka ya 1890, na mwaka 1897 walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliwaondoa mwaka 1916 katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Baada ya hapo Burundi na Rwanda ziliunganishwa kiutawala kwa jina la Ruanda-Urundi, kwanza chini ya dhamana ya Shirikisho la Mataifa, kisha Umoja wa Mataifa. Mwami alibaki katika kiti chake, lakini maamuzi makubwa yalifanywa na wakuu wa Kibelgiji waliokaa Usumbura.

Kijana Rwagasore alipelekwa Astrida, mji wa Rwanda uliokuja kuitwa Butare, katika shule maarufu iliyoendeshwa na mabruda Wakatoliki. Shule hiyo ndiyo iliyowaandaa wana wa machifu na vijana wengine wateule kuwa wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Baadaye alivuka bahari kwenda kusoma Antwerp, Ubelgiji, katika chuo kilichofundisha utawala wa makoloni. Huko aliiona kwa karibu nchi iliyokuwa ikiitawala nchi yake, na akaona pia kwamba Mbelgiji wa kawaida alikuwa na haki ya kuchagua viongozi wake, haki ambayo Mrundi hakuwa nayo.

Aliporejea nyumbani katikati ya miaka ya 1950, njia iliyotandikwa mbele yake ilikuwa ya wazi: uchifu, heshima, gari, na utiifu kwa wakubwa wa Usumbura. Aliwahi kupewa uongozi wa uchifu wa Butanyerera, kaskazini mwa nchi. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea mjini, kwenye maduka na masoko.

Ushirika wa mwaka 1957

Biashara ya Burundi ya wakati huo ilikuwa na ngazi zake. Wabelgiji walikuwa wamewahimiza wakulima wa milimani kupanda kahawa tangu miaka ya 1930, na katika bonde la Imbo watu walilima pamba. Mazao hayo yalipita mikononi mwa wanunuzi wa kigeni, wakiwamo Wazungu wa makampuni, Wagiriki na Waasia, kabla ya kufika sokoni. Bidhaa zilizotoka ng'ambo, kama nguo, chumvi, sabuni na vyombo, zilirudi kwa njia ileile. Mwafrika alikuwa kwenye ngazi ya chini kabisa: aliuza mazao kwa bei aliyopangiwa, akanunua bidhaa kwa bei aliyopangiwa. Mwenye kibanda mtaani alichukua mzigo wake kwa mwenye ghala, mara nyingi kwa mkopo, na faida kubwa ilikwisha kubaki ghalani.

Rwagasore alitaka kuivunja ngazi hiyo. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, uliojulikana kwa herufi zake za Kifaransa CCB. Wazo lake lilikuwa rahisi kueleweka na yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya meza ya duka. Kila mwanachama atoe hisa, fedha zikusanywe pamoja, bidhaa zinunuliwe kwa jumla, na mkulima apate kuuza mazao yake bila kupitia mlolongo wa madalali. Mkutano wa Juni mwaka huo uliwavuta wafanyabiashara wapatao 100, idadi kubwa kwa mji mdogo uliokuwa chini ya macho ya serikali.

Mwana wa Mwami kujishughulisha na biashara lilikuwa jambo geni. Ukuu wa ganwa ulipimwa kwa ng'ombe, ardhi na watu waliomtumikia, wala haukupimwa kwa hisa na stakabadhi. Wako waliomwona kuwa amejishusha. Wabelgiji nao walitambua haraka kwamba ushirika ule ulikuwa na maana zaidi ya biashara. Mtu anayewakusanya wafanyabiashara wa mikoa mbalimbali, akawazoesha kufanya mkutano, kuchagua viongozi na kudai hesabu, amekwisha kujenga kitu kinachofanana na chama cha siasa.

Buyenzi yaitika

Walioitika kwa haraka mjini walikuwa Waswahili wa Buyenzi na mitaa jirani. Mizizi yao ilikuwa mingi. Baadhi walitokana na wafanyabiashara wa misafara waliotoka pwani ya Afrika Mashariki na kupitia Ujiji. Wengine walitokana na askari na wapagazi wa enzi za Wajerumani, wengine walitoka ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na wengine walikuwa Warundi walioingia mjini wakasilimu na kuchukua Kiswahili kuwa lugha yao ya kila siku. Waliuza samaki, mawese, nguo na vyakula, wakajua njia za Kigoma na Uvira kama wanavyojua njia za nyumbani.

Katika mpango wa kikoloni watu hawa hawakuwa na mahali pao. Mitaa yao iliwekwa chini ya utawala wa mji, nje ya mamlaka ya machifu wa jadi. Wamisionari, walioshika shule nyingi, waliwatazama kwa shaka kwa sababu ya dini yao. Milimani, jina la Mswahili lilibeba maana ya mtu mjanja asiye na kwao. Wengi walizaliwa Usumbura, wakazeeka Usumbura, na bado waliitwa wageni.

Lakini haikuwa jamii ya kunyamaza. Katika miaka ya 1950 utawala ulipowatoza kodi wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi bila mume, wanawake Waislamu wa Buyenzi walipinga. Kwao kodi hiyo ilikuwa tusi, kwani iliwaweka wajane na wanawake wenye heshima zao katika kundi moja na makahaba. Mtaa uliokwisha kukataa kudharauliwa namna hiyo haukuhitaji kufundishwa maana ya kudai haki.

Rwagasore alikwenda kwao. Kwa mtu wa nasaba yake, kuingia Buyenzi, kukaa na wenye maduka na kujadiliana nao habari za mtaji na mizigo kulikuwa ni kutamka jambo bila kulisema: kwamba watu hawa ni wa Burundi, na kwamba Burundi atakayoijenga itawahesabu. Waswahili walilielewa hilo. Walimpa ushirika wao, na baadaye wakampa mitaa yao, sauti zao na vijana wao.

Ushirika wenyewe haukudumu katika hali njema. Mtaji ulikuwa mdogo kuliko malengo, usimamizi wa hesabu ulikuwa dhaifu, na madeni yakaongezeka. Rwagasore alihangaika kutafuta fedha ndani na nje ya nchi. Utawala wa kikoloni, ambao tangu mwanzo haukuupenda, uliingilia kati mambo ya ushirika kwa sababu ya madeni hayo. Wapinzani wake walipata silaha ya kumpiga nayo: waliuliza vipi mtu aliyeshindwa kuendesha duka ataweza kuendesha nchi. Lilikuwa swali zito, na jibu lake lilitolewa miaka michache baadaye na wapiga kura.

Kutoka duka hadi chama

Uprona, yaani Umoja kwa Maendeleo ya Taifa, ilianza mwaka 1958, na mwaka 1960 ikapata usajili rasmi. Rwagasore, akiwa mtoto wa Mwami, hakuweza kwa urahisi kushika cheo cha juu cha chama, lakini kila mtu alijua ni nani roho ya harakati hiyo. Madai ya Uprona yalikuwa mawili makubwa: uhuru upatikane upesi, na nchi ibaki chini ya Mwami anayefuata katiba. Chama kiliwachukua Wahutu, Watutsi na maganwa katika uongozi wake, na mjini kikawachukua Waswahili.

Miongoni mwa watu wa karibu wa Rwagasore alikuwamo Paul Mirerekano, Mhutu aliyesomea kilimo, akaacha kazi ya serikali na kuanzisha shughuli zake mwenyewe za kulima na kuuza mboga. Alikuwamo pia Pierre Ngendandumwe, Mhutu msomi, na André Muhirwa, ganwa aliyekuwa shemeji yake. Septemba 1959 Rwagasore mwenyewe alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, mwanamke Mhutu. Miezi miwili baadaye Rwanda ililipuka kwa ghasia za Wahutu na Watutsi, na maelfu ya wakimbizi wakaanza kuvuka mipaka. Katika hali hiyo, chama kilichokataa kugawa watu kwa kabila kilikuwa na kazi ngumu na ya dharura.

Nje ya mipaka, Rwagasore alijenga uhusiano na harakati za Patrice Lumumba huko Kongo na chama cha TANU cha Julius Nyerere huko Tanganyika. Hapa pia Waswahili walikuwa daraja. Habari za mikutano ya Dar es Salaam na Kigoma zilifika Usumbura kwa lugha yao, zikiletwa na wasafiri wa ziwani. Kwa Wabelgiji, hata hivyo, jina la Lumumba lilitosha kumfanya Rwagasore aonekane mtu wa hatari.

Mpinzani mkubwa wa Uprona alikuwa chama cha PDC, cha Wakristo wa demokrasia. Viongozi wake wakuu walikuwa ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa chifu Pierre Baranyanka. Hawa walikuwa maganwa wa tawi la Batare, na Mwami Mwambutsa na mwanawe walikuwa wa tawi la Bezi. Ushindani wa matawi hayo mawili ya ukoo wa kifalme ulikuwa mkongwe kuliko vyama. PDC ilitaka mwendo wa polepole kuelekea uhuru, na msimamo huo uliwapendeza Wabelgiji.

Uchaguzi wa tarafa

Mwaka 1960 Ubelgiji ilikubali kwamba ngazi ya chini ya utawala ifanyiwe mabadiliko. Maeneo ya manaibu chifu yangegeuzwa kuwa tarafa, na kila tarafa ingekuwa na madiwani waliochaguliwa. Kwa mara ya kwanza, mwenye duka, mkulima au mwalimu angeweza kusimama mbele ya majirani zake na kuomba kura. Kwa chama kilichojengwa juu ya mtandao wa wafanyabiashara, hii ilikuwa fursa ya kipekee.

Lakini kabla ya kura, uwanja ulikwisha kuinamishwa upande mmoja. Katika mwaka huohuo, baada ya mazungumzo ya vyama yaliyofanyika Brussels, ilipigwa marufuku kwa jamaa wa karibu wa Mwami, hadi daraja la pili, kushiriki katika siasa. Kwa maandishi, sheria hiyo ilikuwa ya kuulinda ufalme usichafuliwe na ugomvi wa vyama. Kwa vitendo, ilimlenga mtu mmoja. Rwagasore alijibu kwa njia aliyoifahamu, ile ya biashara: chama kiliwaita watu wasusie maduka ya Wabelgiji na wakatae ushirikiano na utawala. Oktoba 27, 1960 aliwekwa chini ya ulinzi na kupelekwa Bururi, kusini mwa nchi.

Upigaji kura wa tarafa ulifanyika kati ya katikati ya Novemba na Desemba 8. Rwagasore aliachiliwa Desemba 9, siku moja tu baada ya kura kumalizika. Kati ya viti 2,876 vilivyogombaniwa, PDC ilipata 942 na Uprona ikapata 545. Viti vilivyobaki viligawanywa kwa vyama vingine na wagombea wengine. Januari 1961 serikali ya muda iliundwa bila Uprona.

Kwa wafanyabiashara wadogo waliokuwa wamejitokeza kugombea, hilo lilikuwa pigo. Wako waliohatarisha leseni zao na wateja wao kwa ajili ya chama ambacho sasa kilionekana kushindwa, na kiongozi wao hakuruhusiwa hata kusimama jukwaani. Watu wa busara ya kawaida wangeliweza kukata tamaa.

Rwagasore hakukata tamaa, na Uprona ikabadili mwendo. Chama kilipeleka malalamiko yake Umoja wa Mataifa, ambao bado ulikuwa na dhamana ya Ruanda-Urundi. Jijini New York nchi zilizopata uhuru karibuni zilikuwa zimeongezeka, na Ubelgiji ilikuwa matatani kwa sababu ya Kongo, hasa baada ya Lumumba kuuawa Januari 1961. Umoja wa Mataifa uliunda tume iliyoongozwa na mwanadiplomasia wa Haiti, Max Dorsinville, ili kusimamia uchaguzi wa bunge. Chini ya shinikizo hilo, marufuku dhidi ya Rwagasore iliondolewa.

Ushindi wa Septemba

Kampeni ya mwaka 1961 ilimkuta Rwagasore akiwa huru kuzunguka nchi. Alipanda milima na kushuka mabonde, akizungumza Kirundi na wakulima, na mjini akiungwa mkono na mitaa ya Waswahili. Maneno yake yalikuwa mepesi: uhuru, amani, na umoja wa watu wote chini ya Mwami. Heshima ya kifalme ilimsaidia, kwani kwa mkulima wa mbali yeye alikuwa kwanza mwana wa Mwami. Lakini heshima peke yake haijengi ofisi ya chama katika kila kona. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa sokoni, wenye baiskeli, wenye vibanda, na wanawake waliopeleka habari nyumba kwa nyumba.

Septemba 18, 1961, Warundi walipiga kura, safari hii wanaume na wanawake. Uprona ilipata takriban asilimia 80 ya kura na viti 58 kati ya 64 vya bunge. PDC, iliyokuwa imeongoza miezi kumi tu iliyopita, ilisambaratika. Ni nadra katika historia ya Afrika Mashariki chama kugeuza matokeo kwa kiasi hicho katika muda mfupi namna hiyo, na tofauti kubwa kati ya chaguzi hizo mbili ilikuwa kwamba katika ya pili Rwagasore alikuwa huru.

Mwishoni mwa Septemba aliteuliwa kuwa waziri mkuu. Katika hotuba yake ya ushindi hakuwakejeli walioshindwa. Aliwahakikishia wapinzani na wageni waishio nchini kwamba hawatalipizwa kisasi, na akawaambia wananchi waihukumu serikali yake kwa matendo yake. Aliunda serikali iliyochanganya watu wa makundi mbalimbali, na Ngendandumwe akawa naibu wake.

Usiku wa Oktoba 13

Wiki mbili baadaye alikuwa marehemu. Usiku wa Ijumaa, Oktoba 13, 1961, Rwagasore alikuwa akila chakula pamoja na wenzake katika hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Risasi iliyofyatuliwa kutoka gizani ilimpata, akafa papo hapo. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis, mkazi wa Usumbura.

Polisi walimkamata Kageorgis kwa muda mfupi, na uchunguzi ukawafikia watu wa PDC. Mahakama chini ya Wabelgiji ilimhukumu kifo, na adhabu hiyo ikatekelezwa Juni 30, 1962, siku moja kabla ya Burundi kupata uhuru. Washirika wake walipewa vifungo. Baada ya uhuru kesi ilifunguliwa upya, na Januari 15, 1963 watu watano walinyongwa hadharani mjini Gitega. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, Ntidendereza na Biroli.

Swali la mkono wa Ubelgiji halikuzikwa pamoja nao. Ushahidi uliotolewa baadaye ulieleza kwamba baadhi ya maofisa wakuu wa Kibelgiji walizungumza wazi, baada ya kushindwa kwa PDC, juu ya faida ya kumwondoa Rwagasore. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu rasmi Ubelgiji kuhusika na mauaji hayo, na mwaka 2021 mwandishi wa Kibelgiji Ludo De Witte, aliyepata umaarufu kwa utafiti wake juu ya kifo cha Lumumba, alichapisha kitabu kuhusu mauaji ya Rwagasore. Hadi leo Warundi wengi huona kwamba hukumu za 1962 na 1963 ziliwafikia waliotenda na waliopanga nyumbani, zikawaacha waliobariki kutoka juu.

Kilichobaki

Pengo lake lilionekana mapema. Uprona iligawanyika kati ya wafuasi wa Muhirwa, aliyerithi uwaziri mkuu, na wafuasi wa Mirerekano. Januari 1962, katika mtaa wa Kamenge ulio jirani na Gihosha, vijana waliojiita kwa jina la Rwagasore waliwashambulia na kuwaua wanasiasa na wanaharakati wa Kihutu. Jina la mtu aliyeunganisha likatumika kugawa. Ngendandumwe aliuawa Januari 1965. Mirerekano alichaguliwa kuwa mbunge mwaka huohuo, akauawa kabla mwaka haujaisha, baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba. Mwaka 1966 ufalme wenyewe ulifutwa, na mwaka 1972 nchi ikaingia katika mauaji makubwa ambayo makovu yake hayajapona.

Wanahistoria huonya dhidi ya kumfanya Rwagasore mtakatifu. Alikuwa mtoto wa ikulu aliyefaidika na ukoo wake, ushirika wake ulielemewa na madeni, na hakupata muda wa kupimwa kwa serikali aliyoiunda. Haijulikani kama umoja alioujenga ungevumilia dhoruba za miaka iliyofuata. Lakini kipimo cha haki ni kile alichofanya ndani ya miaka minne, tangu mkutano wa wafanyabiashara wa 1957 hadi kura ya 1961.

Kwa Waswahili wa Burundi, hesabu hiyo ina thamani ya pekee. Walikuwa wachache, wakihesabiwa wageni katika mji walioujenga. Rwagasore aliwajia kwanza kama washirika wa biashara, na katika biashara mtu hupimwa kwa uaminifu wake, si kwa kilima alichotoka babu yake. Kupitia mlango huo waliingia katika siasa ya taifa, wakashiriki kuleta uhuru uliotangazwa Julai 1, 1962. Hakuna awezaye kuandika historia ya uhuru wa Burundi kwa ukweli akaiacha Buyenzi nje.

Tarafa alizopigania zimebadilishwa mipaka mara kadhaa. Mwaka 2014 Gihosha na Buyenzi, zilizokuwa tarafa kila moja kwa nafasi yake, zilifanywa zoni: ya kwanza ndani ya tarafa ya Ntahangwa na ya pili ndani ya Mukaza. Mageuzi mengine yamefuata tangu hapo. Lakini kanuni ya msingi imebaki ileile iliyoanza, kwa shida na kwa hila, mwaka 1960: kwamba anayetaka kuongoza mtaa awaombe kura watu wa mtaa huo. Rwagasore hakuruhusiwa kusimama katika uchaguzi ule wa kwanza wa tarafa, naye akautumia muda uliobaki wa maisha yake kuhakikisha kwamba wengine wangeweza.